Usipande Bogenvilia Yako kwa Udongo wa Landilodi

Nitasema hii kitu mapema ndio wale wa kukasirika wakasirike mapema: kama unaishi keja ya kupanga, usitoe bogenvilia yako kwa ndoo ukaipande kwa udongo wa ploti. Hata kama landilodi amekuomba kwa upole. Hata kama amekuonyesha mahali poa karibu na geti, penye jua na udongo mwekundu safi. Hasa kama amekuonyesha mahali poa karibu na geti.

Najua inasikika kama uchoyo. Maua ni maua, si yatapendeza kila mtu? Tulia kidogo nifafanue.

Hii maneno ilianzia kwa grupu ya WhatsApp ya ploti yetu hapa Kabiria. Keateka alituma ujumbe wa sauti, zile ndefu za kusikiza ukipika, akasema kufikia mwisho wa Februari hataki kuona ndoo, chungu, mkebe wala gunia la mimea kwa korido au kwa ngazi. Alitoa sababu tatu: maji yanashuka hadi kwa nguo za watu wa chini, rangi ya ukuta inaharibika, na watoto wanadungwa na miiba. Hakutaja jina la mtu, lakini kwa ploti nzima mwenye miiba ni mmoja. Ni mathe wa ghorofa ya tatu, na miiba ni ya bogenvilia yake.

Lazima niwaambie kuhusu hiyo bogenvilia. Iko kwa ndoo ya rangi ya lita 20, ile nyeupe ambayo siku hizi si nyeupe tena, imepasuka upande mmoja ikafungwa na waya. Hiyo ndoo imepanda mkokoteni mara mbili, kwanza kutoka Kawangware kuja Satellite, halafu kutoka Satellite kuja hapa. Mathe husema vitu vingi alivyokuwa navyo viliuzwa ama viliachwa njiani: kabati, sofa moja, friji iliyokuwa imekufa. Ndoo haijawahi kuachwa. Mwezi wa kwanza na wa pili, jua likiwa kali hadi mbwa wa ploti hawabweki, inawaka rangi ya zambarau unaiona ukiwa huko nje barabarani. Watu wa boda huitumia kama alama: nishushe pale kwa nyumba ya maua.

Na kusema ukweli, inahitaji kuhamishwa. Mizizi imetoka kwa mashimo ya chini ikaanza kutafuta ufa kwa sakafu. Ukimwaga maji juu, yanapita kando na kutoka chini hapo hapo kama chai kwa chujio, ju ndani hakuna udongo wa maana umebaki, ni mizizi imejizungusha tu. Basi landilodi aliposikia haya, alijitokeza kwa grupu yeye mwenyewe, kitu ambacho kwa kawaida hufanya tu wakati kodi inapanda. Akaandika: ileteni tuipande hapa chini getini, mbolea nitanunua mimi. Mioyo ikamwagika. Makofi. Mikono ya kuomba. Mimi nikaandika, "Mathe, tafadhali usikubali." Nikaitwa mchochezi, na msee mmoja akaniuliza inboksi kama niko sawa nyumbani.

Niko sawa. Shida yangu ni ya mali.

Sheria tuliyorithi kutoka Uingereza ina kanuni ya zamani sana kuhusu ardhi, na si ngumu: kilichopandwa kwa ardhi kinakuwa sehemu ya ardhi. Ukipanda mti kwa shamba la mtu na hamjaandikiana chochote, huo mti unahesabiwa kuwa wake. Haijalishi nani alitoa mche, nani aliumwagilia, nani aliubeba kwa mkokoteni kutoka Kawangware. Lakini mmea ukiwa kwa chungu ni mali ya kubebeka, kama meko, kama godoro, kama ile sabufa yako ya kusumbua watu. Yaani tofauti kati ya "bogenvilia yangu" na "bogenvilia ya ploti" ni ile ndoo ya rangi. Plastiki nyembamba iliyofungwa na waya. Landilodi ana hati ya ardhi, mathe ana ndoo, na mathe ndiye anaombwa aachilie.

Mtu atasema hawa ni watu wazima, wataelewana. Leo wataelewana, hiyo sipingi. Lakini ploti za huku huuzwa, hurithiwa, ndugu hupelekana kortini. Kabiria ambayo wazee wanakumbuka ilikuwa mashamba, ua wa kayaba, ng'ombe nyuma ya nyumba na matope ya kuvua viatu. Sasa shamba likigawanywa, ghorofa inapanda. Ghorofa ikipanda, geti linasongezwa, ukuta unabomolewa ujengwe upya, tanki la maji linatafutiwa mahali. Na kila mara kitu cha kwanza kung'olewa ni kile kilichopandwa karibu na geti. Hata hakuna ubaya ndani yake, ni fundi tu anafanya kazi yake na jembe.

Na mathe mwenyewe je? Kodi ikipanda tena atahama, kama alivyohama mara mbili. Atakuja na sururu kuchimba mmea wa landilodi mbele ya mpangaji mpya? Hata akiruhusiwa, bogenvilia iliyokaa ardhini miaka kadhaa ukiing'oa, kuna nafasi kubwa ikufe njiani. Mizizi yake ni laini na inakatika ovyo. Nitarudi hapo.

Kuna mwingine aliandika kwa grupu kwamba mpangaji ana sheria ya kumlinda. Ni kweli iko. Inaitwa Sheria ya Kudhibiti Kodi, Sura ya 296 ya Sheria za Kenya, na inahusu nyumba za kuishi ambazo kodi yake ya kawaida haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi. Soma hiyo namba tena pole pole, halafu fungua M-Pesa uangalie ile mesiji yako ya tarehe tano. Wengi wetu kinachotulinda ni mkataba wa karatasi moja tuliosaini tukiwa tumesimama, lori likiwa limewasha injini nje.

Na usifikiri ni mathe wa ghorofa ya tatu peke yake. Nairobi nzima imewahi kujifunza hii kitu. Zile bogenvilia na jakaranda zilizofanya jiji likaitwa la kijani kibichi hazikujiotea. Kulikuwa na mtu anaitwa Peter Greensmith, aliyesimamia bustani za jiji kuanzia miaka ya 1940 hadi miaka ya 1960, na ni yeye anayetajwa sana mkiongea kuhusu maua ya kandokando ya barabara zetu kubwa. Wazazi wenu waliopiga picha za wikendi mjini, angalieni nyuma yao kwa hizo picha: rangi tupu. Halafu ikaja Expressway, kilomita 27 kutoka Mlolongo hadi Westlands, ikafunguliwa kwa magari mwaka 2022, na ujenzi wake ukala miti mingi iliyokuwa kando ya njia, Uhuru Highway ikiwemo. Mugumo mmoja pale Waiyaki Way uliponea, lakini ilibidi rais mwenyewe atoe amri Novemba 2020. Rais! Kwa mti mmoja! Sasa bogenvilia ya mathe kando ya geti, siku ya kupanua geti, itaandikiwa amri na nani?

Si kwamba nachukia barabara, mimi pia huchoka na foleni ya Ngong Road. Nasema tu kilicho kwa udongo wa mwingine kinaishi kwa ratiba ya huyo mwingine.

Haya, sasa upande wa mmea wenyewe, ju kuna watu wanadhani bogenvilia kwa ndoo inateseka na ardhini ndiko itapumua. Hapana bana. Huu ni mmea wa safari. Kwao ni Amerika Kusini. Wazungu waliuandika vitabuni baada ya meli za Mfaransa Bougainville kutia nanga Rio de Janeiro mwaka 1767, ndiyo maana una jina la baharia. Aliyeukusanya ni daktari wa mimea aitwaye Philibert Commerson, na msaidizi wake alikuwa Jeanne Baret, mwanamke aliyevaa kama mwanaume ndio aruhusiwe melini. Ndiye mwanamke wa kwanza anayejulikana kuzunguka dunia nzima. Kuna wanaoamini ni yeye alienda kuuchuma, ju Commerson alikuwa na mguu mbaya. Hiyo ni filamu mtu anafaa kutengeneza, mimi nitatazama.

Na zile "maua" za zambarau unazopiga picha si maua. Ni majani yaliyobadilika rangi. Ua lenyewe ni kile kibomba kidogo cheupe katikati, ambacho hakuna mtu huweka kwa status.

Kinachofanya bogenvilia ichanue ni jua la kutosha, saa tano sita kwa siku au zaidi, maji kidogo, na mizizi iliyobanwa kiasi. Ukiipa nafasi kubwa ghafla, maji mengi na mbolea nyingi, inaamua kutengeneza majani na matawi. Unapata kichaka kibichi chenye miiba, rangi hakuna. Kwa hivyo pale getini, kwa udongo mzito wenye rutuba na bomba la maji karibu, mathe anaweza kukaa muda mrefu akingoja ile zambarau yake.

Sasa hapa najua kuna mtu tayari ameanza kuandika nukuu ya motisha: "Ukibanwa ndipo unachanua." Tafadhali futa. Mimi nazungumzia mmea. Mtu hachanui akibanwa. Familia ya watu watano kwa chumba cha futi kumi kwa kumi haichanui, inakohoa. Nimechoka na watu wanaochukua shida zetu za nyumba wakazifanya masomo ya maisha, eti upungufu unajenga tabia. Landilodi asije akasoma hii akaona amepata sababu ya kugawanya vyumba tena.

Kwa hivyo mathe afanye nini, na wewe ufanye nini ukiwa na yako?

Kwanza, usihamishe sasa. Mwisho wa Februari mmea umejaa rangi, na ukiugusa saa hii utaangusha kila kitu. Ombeni keateka wiki chache. Ngoja rangi ianze kupauka, ukate matawi marefu kiasi, halafu uhamishe mvua za Machi zikianza, wakati mmea unasukuma machipukizi mapya. Ukikosa hapo, ngoja mvua za Oktoba. Julai usijaribu, baridi ya Dagoretti mnaijua, mizizi iliyokatika inakaa tu kwa unyevu ikioza.

Pili, chombo. Hapa ndipo watu huharibu. Ukitoka kwa ndoo ya lita 20, usirukie pipa. Tafuta kitu kipana zaidi kwa vidole vitatu hivi pande zote, si zaidi. Udongo mwingi usio na mizizi unashika maji ambayo hakuna wa kuyanywa, na bogenvilia huuawa na maji kuliko kiangazi. Ndoo ama beseni refu la lita 30, lenye mikono miwili, ni sawa kabisa. Nasisitiza mikono miwili. Likijaa udongo mbichi litapita kilo 40, na lengo letu ni kwamba siku ya kuhama watu wawili waweze kulishusha ngazi bila kutukana. Vile vyungu vya simiti vya kuuzwa barabarani ni maridadi, lakini hicho ukikiweka ghorofa ya tatu umekubali kukiacha huko.

Toboa mashimo chini, sita au nane, na msumari uliopashwa moto kwa jiko. Dirisha liwe wazi, moshi wa plastiki si wa kuvuta. Weka kipande cha wavu wa mbu uliochanika juu ya mashimo ili udongo usitoke. Kokoto chini usiweke. Najua umeambiwa na kila mtu, hata mimi nimeambiwa, lakini maji hayashuki kwa mawe hadi udongo wa juu ushibe kwanza, kwa hivyo unapunguza tu nafasi ya mizizi na kuongeza uzito.

Udongo tuna bahati nao. Upande huu wa magharibi wa jiji tuna udongo mwekundu, ambao hupitisha maji vizuri. Wenzetu wa upande wa Embakasi wenye udongo mweusi, ule unaonata kama ugali wa jana, nyinyi ongezeni mchanga zaidi ama mnunue udongo mwekundu kwa gunia. Mimi huchanganya sehemu mbili za udongo mwekundu, moja ya mchanga wa mto, moja ya samadi. Samadi hapa si shida: vichinjio vya Dagoretti viko karibu, na kuna watu bado wanafuga ng'ombe nyuma ya ghorofa. Ila iwe imekaa hadi haina harufu na inavunjika mkononi kama udongo. Samadi mbichi inachoma mizizi, na grupu yenu ya WhatsApp itawachoma nyinyi. Kama uzito ni shida, badala ya nusu ya mchanga weka maganda ya mchele ama ya kahawa.

Tatu, kuutoa. Mwagilia jana yake ndio udongo ushikane. Halafu, na hapa nisikize vizuri, usivute mmea kwa shina. Usigonge ndoo chini. Usikung'ute udongo ili "upate hewa". Mimea mingi huvumilia hiyo, bogenvilia hapana. Chukua kisu kikali ama msumeno mdogo, kata ndoo kutoka juu hadi chini pande mbili, ufungue kama ganda la ndizi, utoe bonge lote likiwa zima. Mizizi iliyotoka kwa mashimo, kata sehemu ya nje, haina neno. Ndoo imekufa, ndiyo, lakini ilikuwa imepasuka. Liweke bonge kwa chombo kipya, kimo kile kile lilichokuwa, jaza udongo pembeni, gandamiza kwa vidole si kwa ngumi. Mwagilia mara moja hadi maji yatoke chini. Kuna mafundi hupunguza mizizi wakarudisha mmea kwa chombo kile kile, na hufaulu. Kwa mmea mzee wa mtu mwingine, ambao ameubeba mitaa mitatu, mimi siwezi jaribu.

Baada ya hapo kivuli chepesi wiki moja hivi, kisha jua kamili. Majani yataanguka. Mengine mengi. Usianze kumwaga maji kwa hofu wala kuweka mbolea ya dukani. Ingiza kidole kwa udongo, kikitoka kikavu ndio umwagilie. Yale maji ya mwisho ya kuosha sukuma wiki ni sawa, ya sabuni ya kufua usimwage humo.

Na kabla hujagusa chochote, kata vijiti. Hii ni bima yako. Tawi gumu, unene wa penseli, urefu wa kama sentimita 20, toa majani, chomeka nusu kwa mchanga wenye unyevu, weka kivulini na usahau. Mizizi inaweza kuchukua miezi miwili hata mitatu, na vingine vitakufa, kwa hivyo kata sita. Hiki ndicho ningempa landilodi kama anataka maua getini. Kijiti, kipya, kiwe chake kuanzia siku ya kwanza, apande, amwagilie, akisongeza geti ang'oe na roho yake iko sawa. Hakuna mtu anamnyima maua.

Sasa nisiwe wa upande mmoja. Keateka ana hoja. Korido ni ya kukimbilia moto ukitokea, na ploti nyingi zetu zina ngazi moja tu. Ndoo kwa ngazi ni hatari, hilo sitetei. Mtoto kudungwa karibu na jicho si mchezo. Na yule wa chini ambaye shati lake la intaviu lilimwagikiwa maji ya samadi, mimi ningekasirika zaidi yake. Lakini hizo ni shida za mahali na maji, na zinatatuliwa hapo hapo. Ngazi ziwe wazi. Kila chungu kiwe na sahani ama beseni chini. Matawi yenye miiba yakatwe hadi juu ya kimo cha mtoto na yafungwe upande wa ukuta. Rufu pale juu ya kuanika nguo ina kona ambayo hakuna anayetumia, ina jua siku nzima. Paruhusiwe, kila mtu aandike jina lake kwa ndoo. Kutoka "maji yanamwagika" hadi "sitaki kuona mmea wowote" ni kuruka hatua tano, na kutoka hapo hadi "nipe huo mmea" ni kuruka zingine tano.

Kinachonikera ni jinsi tunavyoona kawaida mpangaji asiwe na kitu hai. Misumari kwa ukuta hapana, paka hapana, rangi tofauti hapana, sasa na majani. Unalipa kodi miaka sita na hakuna alama hata moja kwamba uliishi hapo, halafu tunashangaa kwa nini watu wa mtaa hawajali mtaa. Mathe amepanda kitu kinachoonekana kutoka barabarani. Angekuwa na uwanja wake mbele ya nyumba, kama kule Karen, ua wa bogenvilia ungeitwa bustani, na mtu angelipwa kuukata. Kwa sababu ni ndoo, inaitwa uchafu.

Kama hauna bado na hii imekufanya utake, nenda kwa wale wa kuuza miche kandokando ya Ngong Road. Ongea nao hata kama hununui. Wako kwa ardhi ya barabara, wanajua ilani ya kuondoka inaweza kuja wakati wowote, na angalia vile wamejipanga: kila kitu kiko kwa karatasi nyeusi ama mkebe, hakuna hata mche mmoja umekita chini. Watajaribu kukuuzia na chungu kikubwa, eti ikue haraka. Kataa kwa heshima, chukua mche na gunia nusu la samadi. Na ununue ikiwa tayari ina rangi. Ukiuziwa "nyekundu" ambayo haina hata jani moja jekundu, utakuja kujua ni rangi gani mwaka ujao, na huyo msee wakati huo atakuwa amehamishwa hadi upande mwingine wa barabara.